Msimu wa Kwanza

Jumanne, 24 Februari 2026

Nimetoka Mbarara. Jirani yangu Émérance alinituma nimletee mbegu za vitunguu, nikazipata mtaa wa Kakoba. Mwenye duka akaniambia, "Nyabo, mama, hii unapanda first season." First season! Hapa Uganda ni Machi. Kwao Émérance, Burundi, kama kwetu Kivu, msimu wa kwanza ni Septemba. Nimecheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani, kambini Juru.

Jumatano, 25 Februari

Nimempa Émérance mbegu zake. Akauliza zinapandwa lini. "Msimu wa kwanza," nikasema. Si uongo! Akazifunga kwenye kitambaa, zingoje Septemba. Mbegu ya kitunguu ikilala hivyo kwenye joto, kuota ni bahati. Na zingoje!

Sijasahau mahindi yangu. Mwaka jana, mgeni bado, nilimuuliza nipande lini. Akasema, "Mvua inyeshe kwanza." Ikanyesha siku moja, nikapanda mbegu zote. Kisha jua — yakaungua yote! Yeye akapanda baadaye, akavuna, akaniletea sahani ya mahindi ya kuchemsha. Sahani! Nyoka yule. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mama. Sasa uonje wewe.

Jumapili, 1 Machi

Mchungaji kahubiri msamaha. Nimeitikia amina kwa mdomo tu.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua! Moja, nzito. Mawingu bado mazito, nikajiambia safari hii jua halirudi; nikachukua mbegu za mahindi, nikaingia shambani. Émérance akaja mbio, matope mpaka magotini. "Mama Gradi, unafanya nini? Si nilikuambia mwaka jana, inyeshe kwanza? Inyeshe, inyeshe tena, udongo ushibe, ndiyo upande!"

Kwanza. Mimi nilisikia mvua ya kwanza. Hakusema hivyo.

Nikamjibu kwamba nilikuwa naangalia udongo tu. Hasira bado ninayo, tena nyingi, ila sijui nimpe nani.

Jumatano, 11 Machi

Imenyesha tangu Jumapili. Asubuhi Émérance kafika na jembe lake. Vitunguu vyake ni vya Septemba, anasema, basi ana nafasi, acha anisaidie mimi. Yuko nje sasa, anachimba mistari na kuimba. Mimi nimeingia kuchukua mbegu, nimekaa kitandani naandika. Bon, sawa, nimwambie leo apande sasa, vitunguu vyake bado vina wakati. Lakini ataniuliza kwa nini sikusema siku ile, na mimi nitajibu nini —

Anaita. "Mama Gradi! Leta mbegu, mimi niko tayari!"