Kisu Hakikumgusa

Jumanne, 4 Machi 2025
Mamake Dishon amefika kutoka Vihiga na kuku wawili na unga wa wimbi. Kabla hajaketi, Dishon akanivuta jikoni. Ati nisitaje operesheni. Alishamwambia kwa simu kwamba nilijifungua kawaida. "Unamjua mathe. Ataanza kusema sikuoa mwanamke."
Siku kumi na nane tangu nipasuliwe — na mume wangu ndiye anayeona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Mifereji imekauka tena. Mama akanionyesha mtungi wa lita ishirini. Ati yeye alimzaa Dishon asubuhi, jioni akaenda kuteka maji mtoni. Dishon alikuwa hapo, macho kwenye simu. Nikasubiri aseme kitu.
Nikashuka ghorofa nne, nikajaza nusu, nikapanda nikishika ukuta. Kidonda kinawaka. Nina hasira hadi meno yanauma.

Alhamisi, 6 Machi
Bado naiwaza siku ya kujifungua. Saa kumi na saba za uchungu. Halafu daktari nisiyemjua — mapigo ya mtoto yameshuka, weka sahihi hapa. Basi. Nilipozinduka, nesi alishambeba, Dishon alishambeba, hata Nangila wa nyumba ya pili alishaona picha. Mimi mamake nilikuwa wa mwisho kumwona Muhonja.
Kila mtu: shukuru Mungu mko hai. Nashukuru! Na bado nimekasirika. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie pole.

Ijumaa, 7 Machi
Damu kidogo kwenye leso. Nikamwonyesha Dishon. Ati nivumilie, mathe anarudi Vihiga Jumatatu. Nimelala nikimpa mgongo.

Jumapili, 9 Machi
Kina mama wa kanisa wamekuja kuona mtoto. Sukari, sabuni, nyimbo. Mama akasimama kushuhudia: mke wa mwanawe amezaa kwa nguvu zake mwenyewe, kisu hakikumgusa. Wakaitikia amina. Nangila, ambaye ndiye aliyenifulia shuka za hospitali, akainamia kikombe chake.
Kisha Mama akanigeukia. "Khavere, mwanangu, sasa simama useme vile Mungu alikupigania."
Nikasema ngoja kwanza nimbadilishe mtoto nepi. Niko chumbani. Naandika upesi, mwandiko mbaya. Huko nje wameanza wimbo mwingine wa kunisubiri.
Kitabu cha kliniki kiko hapa kitandani. Ukurasa wa kuzaliwa umeandikwa wazi: amezaliwa kwa upasuaji, tarehe, saa, muhuri. Nilifikiria nimpe Nangila awasomee. Hapana. Tumbo ni langu, nitasoma mwenyewe.
Dishon anabisha polepole. "Babe, sema tu asante, ukae. Tafadhali." Nimemjibu nitawasomea kitabu.
Nimembeba Muhonja mkono mmoja, kitabu nimekibana kwapani. Wimbo umeisha, wananiita. Nimejaribu mlango mara mbili — Dishon ameshika kitasa upande wa pili.