Minyoo ya Sefako

Ha Rantsimane,
Jumatatu, 19 Septemba

Abuti Mohapi,

Kaka yangu mkubwa, nakusalimu. Natumaini wewe, wifi 'Matokelo na watoto mnaendelea vizuri huko Mafeteng, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona. Sisi huku milimani tu wazima. Theluji imekwisha, mipichi imechanua, na mama mkwe wangu anakula vizuri ingawa miguu haimtaki. Salamu zimefika, sasa nikwambie kwamba nimekasirika.

Nimekasirika tangu juzi Jumamosi, mjumbe wa chifu alipopita kutangaza kwamba umemshtaki Ntate Posholi, mganga wetu wa farasi, kwa kumuua farasi wako Sefako, na kwamba Ijumaa hii unakuja barazani kudai farasi wake jike awe fidia. Yule mzee hana farasi mwingine. Huyo ndiye anayembebea mahindi kwenda kusaga, na ndiye anayempanda kwenda kliniki kuchukua dawa za mkewe. Hukuniuliza hata neno moja, mimi niliyekulishia Sefako tangu azaliwe. Umesikiliza watu waliomwona farasi akiwa amekwisha kufa.

Basi sikiliza na yangu. Agosti ilipokuwa inakwisha, farasi wote walikuwa wanapukutisha manyoya ya baridi, Sefako peke yake ndiye aliyebaki na yake, yamesimama, hayana mng'ao. Mbavu zilihesabika, tumbo linaning'inia. Ntate Posholi ndiye aliyesema huyu ana minyoo, nimpelekee afisa mifugo kinyesi chake. Nikapeleka. Afisa akakitazama kwenye hadubini, akasema mayai ni mengi mno, lakini mtoto wa mwaka mmoja tusimvamie na dawa kali, maana minyoo mingi ikifa kwa mkupuo mmoja inashikana na kuziba utumbo. Apewe dawa ya polepole kwa kipimo cha uzito wake, apumzike, ndipo arudiwe. Na kila siku niokote mavi malishoni, kabla joto la majira haya halijaangua mayai.

Nikaokota. Wanawake wa hapa walinicheka mpaka wakachoka, wakasema jamani 'Mathakane kakosa mavi ya ng'ombe ya kuwashia moto, sasa anagombania ya farasi. Ntate Posholi alimpima Sefako kifua kwa kamba, akampa ile dawa ya polepole kwa mikono yake mwenyewe, asipokee hata kikombe cha pombe ya mtama. Haikupita wiki, minyoo ikaanza kutoka. Farasi alikuwa anapona, abuti.

Na wewe ulifanya nini? Ukawaahidi wakwe wa mwanao Tokelo kwamba Sefako ndiye molisana, yaani mchungaji, farasi wa kufuatana na ng'ombe wa mahari, ukawaita waje kumtazama tarehe kumi bila kuniuliza kama yuko tayari. Ukatuma kwa basi tyubu ya dawa kali ya farasi aliyekomaa, ukasema kwenye simu tumbo lishuke kabla wageni hawajafika. Ntate Posholi alikataa kuigusa. Alisema mpeni hiyo, halafu mchimbe shimo. Ukamwita mzee wa kizamani anayeogopa vitu vya dukani. Mimi nikaifungia tyubu kabatini.

Wageni wakaja, nikawachinjia kuku. Mjomba wa bibi harusi, yule mrefu mwenye blanketi jekundu, alimzunguka Sefako mara mbili, kisha akauliza mbele za watu huyu dume anajifungua mwezi gani, ili wao waje na nepi. Watu wakavunjika mbavu. Akaendelea eti kwa tumbo hilo, ng'ombe ndio watakaomchunga yeye. Ntate Posholi akawaomba kwa upole wampe mwezi mmoja, yuko kwenye matibabu. Wakasema watafikiri. Hawajaondoka vizuri, ukanipigia simu, ukasema nimekuaibisha, mwanamke gani asiyeweza kulisha farasi mmoja.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Sefako anagaragara, jasho linamtiririka, anageuka kutazama ubavu wake. Ntate Posholi alikuja mbio, akamtembeza, akamsugua, akakaa naye mpaka saa saba mchana alipokata roho. Tulipompasua, utumbo ulikuwa umejaa minyoo myeupe imebanana kama tambi sufuriani. Mzee akasema kwa sauti kwamba farasi huyu kapewa dawa kali. Watu walisikia, na wote wanajua nani hunywesha farasi dawa kijijini hapa.

Kurasa zote hizi nimekukaripia, na hakuna neno nililokuzulia. Lakini Jumapili nimeiruka. Siku hiyo, wenzangu walipokwenda kanisani, niliitoa ile tyubu kabatini nikamminyia Sefako yote mdomoni, nikamshika kidevu mpaka akameza. Nilikuwa nimeonywa na nilijua. Nilikuwa na hasira na mjomba yule, na wewe, na lile tumbo lenyewe, nikataka liishe siku hiyohiyo. Farasi wako nimemuua mimi.

Ntate Posholi anajua. Aliiokota tyubu tupu nyuma ya zizi, akanitazama, akaitia mfukoni. Jana nilimuuliza kwa nini ananyamaza na jike lake linachukuliwa. Akajibu kwamba mjane kama mimi akishahukumiwa barazani hakuna atakayemkabidhi mfugo tena, atakula nini, lakini yeye mzee miguu ya kutembelea bado anayo. Jibu hilo limenichoma kuliko maneno yako yote, maana siku saba nzima nilikuwa nimemwacha abebe mzigo wangu.

Leo asubuhi nimekwenda kwa chifu nikasema yote. Ijumaa utanikuta mimi nimesimama mahali pa mshtakiwa. Mama yake Sefako, ninayekutunzia hapa, ni wako, mchukue ukitaka. Na farasi wa marehemu mume wangu ndiye atakayefuatana na ng'ombe wa Tokelo. Kinyesi chake nimekwisha kukipeleka, hana kitu.

Ila kabla hujaingia barazani, pita kwa Ntate Posholi umwombe radhi, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Mimi leo nimefika mlangoni kwake mara mbili, na mara zote mbili nimerudi bila kubisha.

Mpe wifi salamu zangu, na Tokelo mwambie shangazi yake anaona haya kumwandikia. Mungu awafikishe salama.

Mdogo wako,
'Mathakane