Nyumba Nimepata, Shemeji. Shida ni Kisima

Kwa Mzee Mbuvi,
Sokoni Zombe,
Kitui, Kenya.
21 Septemba 1986

Mpendwa Shemeji Elifasi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye jua. Je, kifua cha Mama Mkwe kimepona baada ya baridi ya Julai? Na goti lako? Kama bado linauma usisingizie uzee. Ni ule mlima unaoupanda kila Jumamosi kumfuata mwenye pombe ya dengelua. Mimi ni mzima, ila nimepungua tumbo, jambo ambalo dada yako Namsifu ataliona baraka na wewe utaliona ushahidi wa dhiki.

Barua yako niliisoma nimesimama, maana nilipokuwa nikilala hapakuwa na kiti. Uliandika kwamba dada yako hatavuka Holili mpaka mumewe awe na nyumba yenye mlango unaofungwa, kwa kuwa hamkumlea ili akalale stoo. Ulisema kweli. Nililala stoo ya chuo, katikati ya matoroli na mifuko ya saruji, nikiamka na kope nyeupe kama babu. Mchana nawafundisha vijana wa hapa kujenga nyumba, jioni natoka kutafuta nyumba. Wanafunzi wangu wamelicheka hilo mpaka mimi mwenyewe nikajiunga nao.

Usiniulize kwa nini mwashi asijijengee. Mgeni hana kiwanja hapa, na mkataba wangu na chuo ni mfupi. Ilibidi nipange.

Nilianza kwa Bwana Kinuthia, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Murang'a, mwenye vyumba vya mawe nyuma ya duka lake. Nilisimama kimya akanitajia kodi, shilingi mia mbili, nikaona sawa. Kosa langu ni kufungua kinywa kushukuru.

"Kumbe wewe ni mtu wa Tanzania!" akasema. "Basi hiyo ni mia tatu na nusu, na ya miezi mitatu unalipa mbele."

Nikamwambia, "Lakini ndugu yangu, hata wewe hapa ni mgeni."

"Mimi ni mgeni wa kufika na gari. Wewe ni mgeni wa kuvuka mpaka. Ukinitoroka nitakufuata na nini?"

Shemeji, mimi Mpare niliyezaliwa na majibu, nilimuaga nikaenda zangu. Wengine niliowaendea walikuwa wapole zaidi, lakini kila nilipoanza kuongea kodi ilipanda ngazi. Nilifikia kukohoa tu na kuonyesha kwa vidole.

Ndipo mkuu wa chuo akanipeleka kwa Mzee Mbuvi, mzee wa kanisa mwenye nyumba tupu mwisho wa soko. Ilikuwa ya mwanawe aliyehamia Mombasa. Vyumba viwili, bati zima, sakafu ya saruji, na mlango unaofungwa kwa komeo na kufuli, sikia vizuri hapo. Kodi yake shilingi themanini. Niliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikagonga kuta, nikaweka pimamaji, nikashusha timazi pembe zote nne, nikapanda kuangalia mbao za paa. Sikuona kasoro. Mzee alikuwa akinitazama kama anayengoja swali fulani, na mimi nikadhani anastaajabia ufundi wangu. Nikalipa.

Swali alilokuwa akilingoja ni la maji. Kila mtu hapa huliuliza kabla ya kutazama bati. Lakini wewe unajua tulivyokulia Usangi, chini ya ndiva, bwawa letu la mlimani, maji yakishuka mferejini yenyewe, kazi yetu ikiwa ni kugombea zamu na kupelekana barazani. Tangu lini mtu wa kwetu akapanga nyumba akauliza, "Na maji?" Ni sawa na kuuliza kama kuna mbingu.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na ndoo kutafuta bomba. Jirani akanionyesha mwenye punda. Maji ya punda, kwa bei ya kiangazi hiki, yangeifanya nyumba ya Mzee Mbuvi kuwa ghali kuliko ya Bwana Kinuthia. Basi nikafuata njia ya akina mama hadi mtoni. Shemeji, mto wenyewe ni mchanga mtupu, mpana, mweupe. Maji yako chini yake. Wanachimba visima katikati ya mchanga na kuvizungushia miiba ili mbuzi wasiingie.

Nikasalimia. Kiongozi wao anaitwa Mama Ndinda, ana mikono kama ya seremala.

"Mwalimu, wewe ni wa kisima gani?"

"Sina kisima, mama. Mimi ni mpangaji."

"Aiya! Ulipanga mabati peke yake?"

Mmoja alicheka mpaka akaketi mchangani. Wakanieleza kwamba kila kisima kina nyumba zake, na cha mtoto wa Mzee Mbuvi walipewa wengine zamani alipohama. Nikasema, kwa ujinga wangu, kwamba chini ya mchanga bila shaka yapo maji mengi.

"Iko," akasema Mama Ndinda, "lakini haijalala hapo ikingoja mtu wa Tanzania."

Niliambiwa anayetaka maji huanza na jembe. Wana kundi lao la kazi, wanaliita mwethya. Wanachimba matuta ya kuzuia udongo, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nikaenda kila Jumamosi, mwanaume peke yangu kati ya akina mama. Nilidhani mkono wa mwashi unatosha. Mmoja akasema, "Mwalimu anakuna ardhi, hachimbi." Mwingine akamjibu, "Mwache, anaibembeleza." Malengelenge yalipasuka, mengine yakaota juu yake. Lakini sikuacha, na wao wakaanza kuniletea uji bila kucheka sana.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi. Jumamosi iliyopita walinionyesha mahali pangu mtoni, karibu na kisima cha Mama Ndinda. Kabla sijashukuru akainua mkono.

"Hii si yako. Ni ya mke wako."

"Mimi si ndiye niliyechimba?"

"Wewe ni wa simiti, Mwalimu. Tukikuachia kisima, leo utachota ya kunywa, kesho utachota ya kuta."

Kumbe waliwahi kumwachia mwanaume kisima, akawauzia wafyatua matofali maji mpaka kikabaki tope. Nilitaka kuapa kwamba mimi si wa namna hiyo, lakini asubuhi ileile nilikuwa nimewaza jinsi vijana wangu wanavyokosa maji ya kukorogea saruji.

"Na huyo mke, ako kweli?" akauliza yule aliyesema nakuna ardhi. "Maana wanaume wa mbali wote wako na mke huko kwao."

Mama Ndinda amekubali nichote mtungi mmoja kwa siku kwenye kisima chake, kwa huruma, hadi Namsifu afike. Lakini mwisho wa Oktoba au Novemba mvua inatarajiwa. Mto ukishuka na mafuriko unafukia visima vyote, na ukikauka vinagawanywa upya kwa waliokwisha kuonekana pale. Asiyeonekana kabla ya mvua hana fungu. Hapo mimi nitarudi kwa mwenye punda, na kutoka kwa mwenye punda nitarudi stoo. Na ukisikia nimerudi stoo, najua barua utakayoniandikia.

Sitaki kukuficha neno. Kutoka nyumbani hadi mtoni ni mwendo wa kutosha kumaliza habari zote za kijiji. Maji yana chumvi kidogo, na chai inataka majani zaidi. Hapa wanabeba mtungi mgongoni kwa kamba ya kichwani. Namsifu amezoea kubeba utosini, watamcheka, naye unajua atakavyowacheka. Hata hivyo habebi. Nimegeuza toroli bovu la chuo liwe la mitungi, na kusukuma nitasukuma mimi. Kilichokatazwa kwangu ni kuchota kisimani mwake tu. Shule ya mtoto iko karibu, na mwalimu wake, Bi Nzilani, amekubali kumpokea.

Ninachoogopa, shemeji, si maneno yako. Naogopa atafika, autazame mto usio na maji, kisha anitazame mimi. Kila nikilala nauona uso wake. Tangu nije huku tumeonana mara moja tu, na mtoto alinikimbia akidhani mimi ni fundi mgeni aliyekuja kutengeneza paa. Nikikosa kisima hiki sijui nitapata wapi nyumba nyingine ninayoweza kuilipia, wala sijui tutaendelea hivi hadi lini.

Kwa hiyo msomee yote haya, hata la chumvi. Asije akalaumu kwamba hakuambiwa. Akikubali, nitamngoja Taveta siku mtakayonitajia, ila iwe kabla ya mvua.

Nisalimie Mama Mkwe na umwambie sijaacha kusali. Msalimie Namsifu kabla ya wote, halafu mkeo Nakundwa, shemeji mwenzangu anayekuvumilia, na umbusu mtoto. Mungu wa baba zetu awafunike na awashushe mlimani salama.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini leo tulipotoka kanisani Mama Ndinda aliniuliza jina la mke wangu, akalirudia mara mbili ili asilisahau. Jioni nilipopita mtoni nikakuta pale mahali pamezungushiwa miiba mipya, na akina mama wote wakaniuliza kwa pamoja, "Namsifu yuko wapi?" Nikajibu, "Yuko njiani." Shemeji, neno limekwisha kunitoka mbele ya akina mama wenye majembe. Tafadhali, lifanye liwe kweli.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata ukinikemea,
Zablon Mshana