Tumbo Linalotaka Jina

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana hapa Laini Saba kunyamaza kumeniponza. Kila mwezi siku zangu zikifika tumbo hunikata mpaka kiunoni nikajikunja sakafuni, na safari hii zilinikuta mama mkwe wangu, Seline, amekuja kutoka nyumbani upande wa ziwa kutibiwa macho. Kwa desturi yetu Wajaluo mama halali nyumba ya mwanawe aliyeoa, nasi tuna chumba kimoja tu, kwa hiyo analala kwa jirani na asubuhi na mapema yuko mlangoni kwangu. Basi mimi kwa aibu nikawa nameza aspirini kabla hajafika, tumbo likiwa tupu, na akinikuta nimejishika namwambia ni tumbo tu, naye akanichemshia majani yake machungu, nikanywa kikombe kizima kwa heshima na papo hapo nikatapika mbele yake. Shangazi, yule mama alicheka mpaka akakaa chini, akamwaga majani yaliyobaki, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, hili tumbo halitaki dawa yangu. Linataka jina."

Nikaelewa anadhani nina mimba, nami sikumsahihisha. Sasa hataki nibebe maji, kipande kinono cha samaki ananiwekea mimi badala ya mwanawe, anafuma kofia ndogo ya manjano na macho yenyewe mabovu, na Jumapili ya mwisho wa mwezi wanawake wa kanisa watasimama kuniombea. Mume wangu Ogola, fundi wa masanduku ya mabati, anasema ninyamaze tu, huenda Mungu akajaza pengo kwa mimba ya kweli. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo na hakuna mtu amewahi kunipenda hivi. Nikisema kweli, huyu naye si nitampoteza?

Risper, Kibera (majina tumeyabadilisha)

Risper mwanangu, nimecheka, kisha nikakuhurumia, kisha nikakasirika, na sifichi hata moja. Mficha uchi hazai. Huyo mama hakumwokota Ogola relini, alimzaa, na kabla ya kumzaa alifua vitambaa kama wewe. Ungemwambia ni tumbo la namna gani, leo hakuna kofia.

Kutapika ulijitakia. Aspirini huchoma tumbo tupu, halafu ukaimwagia maji machungu juu yake. Maumivu yakianza kula kwanza, hata uji, ndipo umeze kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, bila kuzidisha na bila kuchanganya na miti shamba. Mwenye vidonda vya tumbo, au aliye mjamzito kweli, asiiguse mpaka amwone daktari. Tia maji ya moto kwenye chupa, izibe sawasawa, izungushie leso, ulale nayo chini ya kitovu. Chai ya tangawizi haina ubaya, na kutembea kidogo kunafaa kuliko kujikunja. Lakini maumivu yakizidi mwezi hadi mwezi, au damu ikipita kiasi, nenda kliniki. Usiniandikie mimi.

Ogola naye aache kumpangia Mungu kazi. Achote maji, debe halimshindi fundi wa mabati.

Mama mwambie kesho, mkiwa wawili, kabla hajawasha jiko. Uongo ukishaombewa kanisani ni kazi kuutoa. Pengine atalia kidogo, na wewe vumilia. Unaogopa kwamba anaipenda mimba. Hebu kumbuka vizuri, mtoto wangu. Yale majani alikuchemshia wakati alijua una tumbo tu, hakuna mjukuu wala kofia. Huyo alikuwa anakupenda wewe.

Sema hivi: "Mama, jina bado. Zilikuwa siku zangu, na huwa zinaniumiza sana." Na akianza kuifumua ile kofia, mshike mkono.