Neno Langu juu ya Morris Yako

Sokomuhogo, Unguja
12 Machi 1971

Kwa ndugu yangu Salem,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai mistari hii itakukuta wewe, Shemsa na watoto mko wazima, na ile homa uliyoitaja imekwisha kukuacha. Ukiuliza hali yangu, mimi mzima, alhamdulillahi, ila mgongo tu, na fundi gari mgongo ukiacha kumuuma ujue kashakufa. Mama yako Bi Kulthum hajambo. Macho ndiyo yanayomsumbua, na habari za macho nitakupa huko chini. Barua nimempa Bakar, yule karani wa bandarini kwenu anayekuja huku kwa dada yake, nikamwambia akutie mkononi mwako mwenyewe.

Yako ya mwezi uliopita imefika. Umeniambia unataka kununua gari kuukuu ulifanye teksi hapo Mombasa, na kwamba tangu ile gari yako ya Morris ilipokuaibisha huyaamini tena macho yako, basi nikuandikie mimi cha kutazama, kwa kuwa neno langu ndilo pekee unaloliamini. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Nitakujibu kila ulichouliza, Salem, kisha nitakwambia jambo ambalo ukishalisoma huenda usiniandikie tena maisha yako. Hilo nimelifikiria sana, na bado nnaandika.

Nenda asubuhi, wala usimwambie mwenye gari saa utakayofika. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ukiikuta ina moto, ujue imekwisha kuwashwa kabla hujaja, na injini inayotangulizwa kuwashwa mbele ya mgeni ina siri yake: ikilala baridi haiamki. Mwambie utarudi kesho, na kesho usirudi.

Ukiikuta baridi, vuta kijiti cha oili. Nyeusi isikutishe, hiyo ni oili iliyofanya kazi. Uiogope iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameshaingia, na ama gasketi imeungua ama bloki imepasuka. Fungua na rejeta utazame kama maji yana mafuta juu yake. Viwili hivyo vikiwa safi, na injini haichemki, mtu akikuapia kwamba bloki imepasuka, hata akiwa fundi mwenye mvi, mwambie muongo.

Kutu sina haja ya kukufundisha, bahari ni ile ile. Ila wenzetu siku hizi wanaziba matundu kwa viraka vya gundi, wanapiga rangi juu, gari linapendeza kama bi harusi. Chukua sumaku ndogo, ipitishe chini ya milango na pembeni mwa taa. Pale isiposhika hapana bati. Ndani nyanyua mikeka, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, usikilize. Na raba za pedeli uzitazame sana. Mita ya maili hurudishwa nyuma na kila asiyemwogopa Mungu, lakini raba iliyoliwa na mguu hairudi. Ukikuta mita inasema gari halijenda kitu na pedeli zimebaki chuma kitupu, cheka, kisha uende zako.

Ukiliendesha tafuta mwinamo, ushuke nalo kwa gia ya pili bila kukanyaga mafuta, uone kama gia inaruka. Mtu wako asimame nyuma atazame moshi: wa buluu, linakula oili, mweupe usiokwisha, linakunywa maji. Matairi yakiwa yameliwa upande mmoja, usukani una neno au chasisi imepinda, na la chasisi mwachie mwenyewe. Namba ya injini isome kwa macho yako, uifananishe na ya kwenye kadi. Usisomewe.

Mwisho muulize kwa nini anauza. Huko ni swali la kawaida. Huku kwetu, unajua mwenyewe, lilikuwa swali ambalo mtu mwenye adabu haliulizi. Katika miaka ile baada ya Mapinduzi, mtu akiuza gari alikuwa anasafiri, na hakuna aliyetaka isemwe. Alikwambia gari linamchosha, au kwamba daktari amemwambia atembee kwa miguu. Wewe fundi ulikuwa unaitikia ndio, kutembea kuna faida, huku unajua. Nilijua safari za watu kabla ya majirani zao, na pengine kabla ya wake zao.

Unalikumbuka baraza letu. Tulikuwa sita wa kucheza dhumna, kila alasiri, na kelele mpaka Bi Kulthum atutumie mtu kutunyamazisha. Wanne walinileta kuyatazama magari yao, mmoja baada ya mwengine, na kila mmoja na mnunuzi wake ubavuni. Unajua desturi ya mji huu, mnunuzi halitazami gari, humtazama fundi. Fundi akisema linakwenda, mikono inashikwa. Basi mimi nilisema kweli mara nne. Linakwenda. Na kila nilipolisema neno hilo, wiki mbili hazipiti, madirisha ya nyumba moja yamefungwa na baraza limepungua mtu. Nikaingiwa na fikira ya kijinga, Salem, kwamba mimi ndiye nnayewasafirisha. Kwamba nisingelisema lile neno, wangelikuwapo.

Tukabaki wawili, mimi na wewe. Kisha mwaka wa sitini na nane mke wangu Mwatima akafariki, na wewe ndiye uliyeingia kaburini pamoja nami kumpokea. Siku arubaini ulikuwa unakuja kula kwangu ili nisile peke yangu, nawe ulikuwa na mke na watoto wanakungoja. Sikupata kukushukuru. Tulikuwa si watu wa kushukuriana.

Miezi miwili baadae ukanambia, huku unatazama pembeni, kwamba Morris inakuchosha.

Nikajua nawe unasafiri. Nikakujibu nini, hata sikumbuki. Asubuhi ya pili ukalileta gari gereji kwangu Mnazi Mmoja pamoja na Bwana Hamad wa Idara ya Afya, aliyekuwa tayari kulichukua siku ile ile. Nililifungua mbele yenu. Unakumbuka nilivyokaa nalo muda mrefu mpaka Hamad akaanza kutazama saa. Nilivuta kijiti, nikafungua rejeta, nikaliwasha na kulizima, nikalala chini yake. Kisha nikatoka, nikafuta mikono, nikamwambia Hamad kwamba bloki imepasuka kwa ndani, mahala pasipoonekana, na kwamba litamwacha njiani kabla ya mwezi kwisha. Hamad alikushika mkono, akaomba radhi, akaondoka. Kufika adhuhuri mji mzima umeshasikia kwamba Simai kalikataa gari la Salem, na hapana aliyekuja tena kulitazama.

Salem, bloki haikupasuka. Oili ilikuwa safi na maji safi. Gari lako lilikuwa zima kuliko yote manne niliyoyapitisha, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyelitunza miaka sita. Nilisema uongo ili usiondoke. Sikuwa na sababu nyengine, na hiyo sikuambii ili unionee huruma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, basi mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwako.

Ungelinikatalia, nafikiri ningelikiri palepale. Lakini hukunikatalia. Gari ulikuwa unaliendesha kila siku, unajua linavyovuta, na bado ulisema tu: basi, kama Simai kasema, ndivyo. Ukanipa na sigara.

Nilidhani umekaa, huondoki tena. Nilikwenda nyumbani nikalala vizuri, Mungu anisamehe. Sikujua kwamba gari lile lilikuwa ndiyo safari ya mama. Sikujua kwamba bila yake nauli ilitosha wewe, Shemsa na watoto, basi, na kwamba Bi Kulthum mwenyewe ndiye aliyekwambia utangulie. Nilijua Jumanne ile alipokuja gereji kwangu, amejifunika buibui, na ufunguo wa gari kaufunga kwenye leso. Akanambia mmeshaondoka, na kwamba umesema vyuma vyake huenda vikanifaa. Alikuwa ametembea peke yake kutoka nyumbani, na mtoto wa jicho ameshaanza kumtia giza.

Sasa nikuambie la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Lile la kwanza nilikuwa na wazimu wa msiba. Hili nilikuwa na akili zangu. Ningeweza kuliuza gari mwezi ule ule. Ningelisema nimeshalitengeneza, watu wangeamini, mama angelikuwa na nyinyi kabla ya mwaka kwisha. Sikuliuza. Nilimwambia nimebadilisha bloki, nikawa nnampeleka nalo kila Ijumaa, mara kumzuru dada yake Bububu, mara kukaa tu Forodhani akapigwa na upepo. Nikirudi naye, gari naliacha Mkunazini, maana vichochoro vyetu havipitishi gari, namshika mkono mpaka mlangoni, ananambia ingia ule. Nikaingia. Miaka miwili na nusu nimekula kwake. Mchele ulipokuwa wa kupanga foleni nilipanga foleni mbili, yangu na yake, na nikajiambia mimi mtu mwema. Kweli yenyewe ni kwamba akiondoka yeye, mtaa mzima huu hapana mlango nitakaopiga hodi nikaitikiwa kwa jina langu. Hiyo ndiyo iliyonifanya nimzuie mama wa mtu.

Na kila akikaa ndani ya Morris huniombea dua. Humwomba Mungu aibariki mikono yangu iliyolifufua gari la mwanawe. Nimeitikia amina, Salem. Sijui mara ngapi.

Barua yako ilipofika, yeye ndiye aliyetaka nimsomee, kama kawaida. Nilipofika pale unaposema neno langu ndilo unaloliamini, nikaikunja barua, nikamwambia taa haitoshi. Ilikuwa saa saba mchana. Akanisogezea maji.

Wiki ile ile nikalitangaza gari. Mwalimu Usi wa Chwaka akaja, akamleta fundi wake, kijana anaitwa Mmanga, simjui, wala sikutaka awe mtu anayenijua. Nikasimama mbali nikamwacha alitazame apendavyo. Alifanya yote niliyokuandikia hapo juu, hata sumaku alikuwa nayo. Alipomaliza akamwambia mwalimu kwamba injini haijafunguliwa tangu ilipotoka kiwandani, na kwamba aliyekuwa na gari hili alibahatika kuwa na fundi muaminifu. Nilikwenda nyuma ya gereji nikakaa juu ya tairi mpaka walipokwisha kuandikiana.

Ruhusa ya kusafiri ya Bi Kulthum imetoka, kwa ajili ya matibabu ya macho. Daktari wa hapa amesema mtoto wa jicho hutolewa, na huko mna hospitali yenye mtaalamu wake. Tiketi nimeshaikata, na pesa zilizobaki za gari amezishona mwenyewe ndani ya mto wake, usimcheke. Atapanda meli ya Jumanne ijayo pamoja na mke wa jirani, nawe uwe bandarini Jumatano asubuhi mapema. Kwa mbali haoni uso wa mtu, kwa hiyo mwite kwa sauti, na umsogelee. Anakula kidogo, chumvi amekatazwa. Usiku huamka kuuliza saa ngapi, ukimjibu hulala tena.

Hajui chochote kati ya haya. Anajua tu kwamba gari limeuzwa na anakuja kwako, na tangu juzi anaimba anapokunja nguo. Nimetaka barua itangulie, hasira zako uzimalizie kwenye karatasi, ili Jumatano umpokee na uso mkunjufu. Ukiona baadae ni haki aambiwe, mwambie, mimi sina ruhusa ya kukukataza. Wala sikuombi msamaha kwa barua, maana msamaha wa barua ni rahisi kuuomba.

Katika hilo gari la teksi, ukitilia shaka jambo, mtafute fundi wa huko, na ukishampata mtafute wa pili. Usimwamini mmoja, hata akiwa rafiki yako.

Msalimie sana Shemsa, na wanao uwabusu kwa ajili yangu, kama wangali wanalikumbuka jina langu. Huku wa kukusalimia wamebaki wachache. Mimi ndiye nnayewawakilisha. Jumanne nitamfikisha mama mpaka kwenye ngazi ya meli, kisha nitarudi Sokomuhogo. Kunijibu si lazima. Niandikie neno moja tu, kwamba amefika.

Wassalaam,
aliyekuwa fundi wako,
Simai Mkadam