Udongo wa Chini ya Barafu

Butiama,
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Matrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, maziwa yanatosha, na mtoto anakuacha ulale walau kidogo. Sisi hapa tunapumua. Baba miguu imepungua kuvimba, na mahindi tumeyaingiza ndani kabla ndege hawajatumalizia. Kuhusu kutokuja kwako kwenye mazishi ya kaka yetu Burito, ondoa wasiwasi; mzazi aliyetoka kujifungua hawezi kupanda basi kutoka Songea mpaka huku. Aliyenung'unika ni baba mdogo Mugeta peke yake, na yeye hata mvua ikinyesha hunung'unika.

Uliniomba nikueleze yote vizuri, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nalia tu. Nilipokwenda kule kaskazini ya dunia, kwenye kambi alikokuwa akichunguza barafu, kumfuata Burito, nilidhani nitarudi na jeneza. Mkuu wa kambi yao, mama mmoja mpole, alinishika mkono akanionyesha barafu yenyewe. Dada, ni mlima mzima unaotambaa. Alinieleza kwamba barafu nyingi huwa na maji chini yake, kwa hiyo huteleza. Hii ina baridi kali mpaka chini kabisa, nayo imeshikana na ardhi iliyoganda kama ukoko unavyoshika sufuria. Wataalamu wa zamani waliamini barafu ya namna hiyo haiwezi kusogea pale chini. Burito wetu hakuamini. Alichimba handaki hadi chini, akapigilia misumari kwenye barafu na mingine ardhini, yote mstari mmoja. Aliporudi baada ya msimu, mstari ulikuwa umepinda. Inasogea, polepole kuliko ukucha unavyoota, na ikisogea hubandua vipande vya ardhi na kuvimeza.

Dari ya handaki ilimwangukia akiwa mwisho kabisa, peke yake. Wenzake walichimba mpaka barafu ikaanza kuwafungia na wao. Mama yule aliniambia Burito hataoza wala hatabadilika; atabebwa polepole hadi ukingoni, na siku atakayotokea, kitukuu wa mwanao atakuwa ameshazeeka na kufa, na yeye atakuwa kijana vilevile. Alisema hivyo ili kunifariji. Mimi nilitoka nje nikamwacha akiongea.

Ndipo nilipompigia simu baba mdogo, naye akasema neno moja tu: "Kwetu mtu hazikwagi hewani. Leta udongo wa pale alipolala." Unaijua desturi, mwili usipopatikana huzikwa mgomba, na udongo wa mahali alipofia marehemu humwagwa juu yake. Waliniruhusu kuingia handakini. Mle ndani kimya kinaumiza masikio. Kwenye ukuta, ndani ya barafu, niliona vipande vya ardhi nyeusi vikiwa vimening'inia na majani yake, majani madogo laini kama yanayoota kwenye mawe ya kisimani, bado ya kijani. Mama yule alisema yamefunikwa tangu kabla watu hawajafika nchi ile. Nikakwangua palepale karibu na alipofukiwa Burito, nikajaza chupa ya chai.

Tulizika siku ile niliyofika. Katekista Elias alisali vizuri, hakurefusha. Baba mdogo alipofungua chupa, udongo ulikuwa bado umeganda, na mimi nilikuwa nimeupitisha Mwanza na Bunda kwenye jua lile. Ulianguka juu ya mgomba kwa mlio wa mawe. Watu walitazamana.

Baada ya hapo mambo yakawa si mambo. Kiangazi hiki hata ng'ombe wanalamba vumbi, lakini kaburi lilikuwa linaamka limelowa. Kuku walilizunguka, hawakuparua hapo. Mawe tuliyopanga pembeni yakaanza kuhama, kidogo kidogo, kuelekea mlango wa Yuliana, mjane wa Burito. Nilijiambia ni udongo unatulia. Kisha yakaota yale majani, Matrida. Yaleyale niliyoyaona ukutani.

Yuliana alipoyaona alikataa kunyolewa. Unajua mjane asiponyolewa matanga hayaishi. Halimi, haendi sokoni, hatoki bomani. Mama yake alikuja kutoka Kiriba kumwambia wenzake wa dagaa wanamsubiri, na meza yake ya kuanikia imevunjwa na mbuzi. Hakusikia. Aliyamwagilia majani yale maji ya kunywa, akawa anapakua chakula cha Burito na kukiweka pale, na chake hakigusi. Shingo yake sasa naweza kuizungusha kwa mkono mmoja. Nilimsihi kama wifi, nikamweleza majani si mtu. Akanijibu bila hasira.

"Wifi, haya yamelala huko miaka ambayo hakuna anayeihesabu, na yameamka. Wewe Burito ulimwona lini amekufa?"

Na dada, nitakuambia ukweli, hata mimi nilianza kumsubiri. Nilikuwa nikipita pale naweka kiganja juu ya udongo, na baridi ilikuwa inapanda mpaka kwenye bega, nami nasikia raha. Siku moja baba alinikuta nimekaa hapo tangu kifungua kinywa, na jua linazama. Nikaona mimi na Yuliana tutamalizika wote wawili.

Leo asubuhi Yuliana alipokwenda kuteka maji, nilichukua birika kutoka jikoni, likiwa linachemka, nikayamwagia majani yote, nikarudi kujaza tena, nikamwaga mpaka mizizini. Ardhi ilipasuka kwa sauti kama mtu anayevuta pumzi. Majani yakawa meusi papo hapo. Nilikuwa nalia huku namwaga, na nilikuwa nasema, "Nisamehe, kaka."

Yuliana alirudi akaona. Aliweka ndoo chini taratibu, akapiga magoti, akagusa udongo. Ulikuwa wa moto. Ndipo akalia, dada, ule ukelele wa msiba ambao hakuupiga siku ya habari wala siku ya mazishi, mpaka majirani wakaja mbio. Hakuuliza ni nani. Alipochoka kulia aliomba wembe, akasema anataka mimi nimnyoe. Nimemnyoa. Sasa hivi anakula uji na mama yake.

Watu wote wanaamini Burito alifia barafuni. Mimi najua amefia hapa Butiama, leo, mkononi mwangu.

Choma barua hii ukishaisoma. Msalimu shemeji, na mtoto mbusu kwa niaba ya mama wadogo wote wa huku, na babu yake anasema anamsubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Hyasinta