Nyasi Juu ya Ufa

Kituntu,
Karagwe.
Tarehe 6 Oktoba, 2024.

Mpendwa kaka Cleophace,

Shikamoo kaka. Wifi yangu Benadeta hajambo? Na watoto wanaendeleaje na shule? Tangu kile kimbunga kipite huko kwenu Kilwa mwezi wa Mei, sijaacha kuwaombea. Ulituambia ni bati mbili tu zilizong'oka, nami nikamshukuru Mungu, ingawa nakujua vizuri: hata paa lote lingeondoka ungesema ni bati mbili. Tabia hiyo umeirithi kwa Baba, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako Projestus anakusalimu sana, mgongo wake umepona na ameanza tena kubeba mikungu. Senene bado hawajashuka, lakini mvua zimewahi na watu wanasema mwaka huu watakuwa wengi. Ukija nitakukaangia sufuria zima. Usipokuja nitakutumia mabawa na miguu.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kaka, nikianza tu kukueleza jambo, Baba anaichukua simu mkononi mwangu, anakuambia mambo shwari, mnacheka, mnaagana. Kwa hiyo barua hii nampa Protase, yule dereva wa lori la ndizi pale Omurushaka, naye akifika Dar es Salaam ataipandisha basi la Kilwa. Isome ukiwa umekaa.

Unakumbuka mafuriko ya Aprili, mlima nyuma ya kibanja chetu, juu ya nyumba na migomba, ulipomeguka. Nyumba ya jirani yetu Gloriose ilizolewa na tope pamoja na mbuzi wake wote, yeye akaokoka kwa kuwa alikuwa kanisani. Yetu ilibaki nusu. Ukuta wa nyuma na jiko vilikwenda, kaburi la Mama halikuguswa hata na jiwe. Baba alilichukua hilo kama ishara, nami siku ile nilifurahi naye.

Watu wa msaada walikuja, na Mungu awabariki. Tulipata mahema, mablanketi, unga, na baadaye mabati, misumari na saruji. Walioathirika wakapimiwa viwanja kule juu tambarare, karibu na shule. Gloriose alihama siku hiyohiyo. Leo ana nyumba ya vyumba viwili na ameshaotesha maharage mlangoni, ananicheka kwamba mimi mwenye kaka msomi ndiye ninayelia.

Baba alikataa. Alipokea mabati akajenga palepale. Wote tulimsihi, hata katekista Xaveri alikuja, akapewa pombe ya orubisi akanywa, akarudi kwake. Baba anasema Mama amelala kibanjani, na mtu hahamishi kaya akamwacha mwenye kaya. Anasema kaburi linaweza kuhamishwa, hakatai, lakini jembe la kwanza linapigwa na musika, mrithi wa kaya, na musika wa kibanja hiki ni wewe. Siyo mimi, siyo Projestus, siyo padri. Nilimwambia nitapiga mimi hilo jembe, mbona nililima naye miaka yote ulipokuwa shuleni. Akaniangalia kwa huruma, kaka. Nilitamani kumrushia sufuria.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha.

Baada ya mafuriko kulibaki ufa juu ya kibanja, pale tulipokuwa tunachunga mbuzi. Ulianza mwembamba, mtoto angeweza kuuruka. Wakati wa kiangazi Baba akasema mvua ikirudi itaukatakata udongo, akaamua kuufunika. Akaufunika kwa namna anayoijua, kama anavyotunza migomba. Akakata nyasi zote za pale mteremkoni, akazitandaza juu ya ufa kutoka mwanzo hadi mwisho, nene, nzuri, zimelazwa upande mmoja. Majirani walimsaidia kubeba, wakamsifu. Hata bwana mmoja wa msaada aliyekuja kukagua nyumba alizipiga picha, akasema mzee huyu ni mkulima wa mfano. Hakujua kuna nini chini yake, na Baba hakumwambia.

Wewe ni mtoto wa mkulima, huhitaji kuambiwa nyasi hufanya nini. Zinashika maji yasikimbie, yazame taratibu mpaka kwenye mizizi. Ndivyo tunavyopata mikungu mikubwa. Sasa Baba anaunywesha mlima wote kwa njia hiyohiyo, na huo mteremko uliokuwa na nyasi za kushika udongo ameuacha uchi. Nilipomwambia alinijibu, "Koku, kulima nilikufundisha mimi." Ni kweli, alinifundisha yeye.

Juzi, baada ya mvua ya kwanza, nilipanda huko peke yangu. Nilichukua mti wa kuegemezea mkungu nikauchomeka katikati ya zile nyasi. Ulizama. Nikausukuma, ukaendelea kuzama, mpaka mkono wangu ukagusa nyasi na ncha ya mti haijagusa kitu. Nilipouachia ulikwenda wenyewe, nikasikia maji. Kaka, naogopa. Siandiki hivi kukutisha, naogopa kweli, na ule mti sikuuona tena.

Chemchemi nayo imebadilika. Unajua maji yake yalivyokuwa meupe hata masika. Sasa yanatoka na rangi ya udongo asubuhi ambayo mvua haikunyesha, na akina mama wa bondeni wameacha kuteka. Migomba ya juu imeinama yote upande wa nyumba. Baba ameiwekea miti ya kuegemea.

Halafu kuna mlango. Ule mlango mpya Jovin fundi seremala aliutengeneza vizuri, ulifunguka kwa kidole. Mwezi uliopita ukaanza kukwama juu. Baba akasema mbao imevimba kwa unyevu, Jovin akaja na randa akaupunguza. Ukafunguka wiki moja, ukakwama tena, safari hii chini. Akaupunguza tena. Sasa ukiufunga unaona mwanga kwa juu, na bado unakwama. Mwanangu Kemirembe alikuwa analala kwa babu yake ili amchotee maji alfajiri. Nimemrudisha kwangu. Baba alinuna siku mbili, lakini nimemrudisha.

Najua una kazi, najua kutoka Kilwa mpaka huku siyo mwendo wa kitoto. Sikuombi kingine. Usitume kitu, usipige simu, maana simu ataishika yeye. Njoo mwenyewe kabla mvua hazijakolea, upige jembe lako moja pale kwa Mama. Hata ukipiga moja tu ukakaa chini, sisi tutamalizia, na Baba atafungasha siku hiyohiyo. Alishaniambia hivyo kwa mdomo wake. Gloriose amemtunzia Mama nafasi kando ya kiwanja chetu kule juu, pamepandwa mgomba tayari ili asione ugeni.

Nisalimie sana wifi Benadeta, mwambie kanga aliyonitumia ndiyo niliyovaa leo. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na mama mkwe wako. Shangazi Anonciata wa Rubwera anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Mungu aliyewafunika ninyi siku ya kimbunga azidi kuwafunika, na akushike mkono njiani.

Mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,
Kokugonza.

Kaka, nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa nimekaa hapa uani kwa Baba, namsubiri Protase apite kuichukua barua, na Baba ameniona nayo. Hakukasirika. Ameomba nikusalimie, na nikuandikie kwamba nyumba ni nzuri, imara, wala usijisumbue na safari, utakuja Krismasi. Basi nimeandika kama alivyotaka. Ametoka kwa kupitia dirishani kuja kuniambia hayo, kwa sababu mlango tangu asubuhi haufunguki.